Mwajiri wa dini na mfanyakazi mpenzi wa jinsia moja Marekani: linganisha kinga za pande mbili kabla hujasaini

World Vision na Catholic Relief Services hayahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili. Magari yao yamepita vijijini kwetu miaka mingi. Tawi la Marekani la World Vision liko jimbo la Washington, na Catholic Relief Services ina makao yake Baltimore, jimbo la Maryland. Yote mawili ni mashirika ya Kikristo, na yote mawili yameshtakiwa na mtu mwenye ndoa ya jinsia moja. Matokeo yakapishana.

Januari 2021 World Vision ilimpa mwanamke mmoja kazi ya kupokea simu za wafadhili, kisha ikaiondoa ofa hiyo ndani ya siku chache baada ya yeye kutaja kwamba ana mke. Mahakama ya kwanza ilimpa ushindi. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda ya 9 (kila kanda husimamia majimbo kadhaa) ikaugeuza: wapokea simu wale husali na wafadhili na kuwaeleza kazi ya shirika kama utume wa Kikristo, kwa hiyo machoni pa sheria ni wahudumu wa dini, na serikali haichagui nani awe mhudumu wa dini ya watu wengine. Catholic Relief Services, kwa upande wake, ilimwondolea mchambuzi wa data bima ya afya ya mume wake. Agosti 2022 jaji wa shirikisho akaamua kwamba huo ni ubaguzi wa jinsi uliokatazwa. Mchambuzi yule hakuwa akisali na mtu kwenye simu. Kazi yake ilikuwa data.

Kwa hiyo anayeuliza "Je, taasisi ya dini inaweza kunifukuza kwa sababu hii?" hajibiwi kwa ndiyo wala kwa hapana. Jibu linategemea mambo matatu: mwajiri ni wa namna gani, kazi uliyokabidhiwa ni ipi, na uko jimbo gani. Ulinganisho huu unayafuata hayo matatu. Umeandikwa kwa anayetafuta kazi na pia kwa mchungaji, imamu au mjumbe wa bodi anayeajiri, maana makanisa, misikiti na mashirika ya Waswahili Marekani nayo huajiri watunza vitabu, madereva na walezi wa watoto, na mara nyingi hayana mwanasheria karibu.

Upande wa mfanyakazi

Nguzo kuu ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sura ya VII. Inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, asili ya taifa, dini na jinsi. Kwa zaidi ya miaka 50 watu walibishana kama neno "jinsi" linamfikia mpenzi wa jinsia moja. Tarehe 15 Juni 2020, katika kesi ya Bostock iliyotoka Clayton County, Georgia, Mahakama ya Juu ilijibu kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba linamfikia. Hoja ni fupi: mwajiri akimfukuza mwanamume kwa kumpenda mwanamume, na akambakiza mwanamke anayempenda mwanamume, ameiangalia jinsi ya mtu ndipo akaamua.

Msomaji wa Kenya ataitambua hoja hiyo. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa kura 3 dhidi ya 2, ilisema neno "sex" katika ibara ya 27(4) ya Katiba linabeba pia mwelekeo wa kimapenzi. Kesi ile ilihusu kusajili shirika, haikuhusu ajira, na haikufuta vifungu vya sheria ya jinai. Usiibebe hukumu hiyo Nairobi ukidhani ndiyo Bostock.

Sura ya VII inagusa zaidi ya kufukuzwa. Inagusa pia kunyimwa kazi, kupunguziwa mshahara, kunyimwa marupurupu ambayo wenzako wenye ndoa wanapata, kunyanyaswa, na kulipiziwa kisasi kwa sababu ulilalamika. Inamlinda kila anayefanya kazi ndani ya Marekani, awe raia au mgeni.

Ila ina kizingiti: mwajiri awe na wafanyakazi 15 au zaidi, katika kila siku ya kazi, kwa angalau wiki 20 za mwaka huu au mwaka uliotangulia. Wa muda nao wanahesabiwa, maadamu wamo kwenye orodha ya mishahara. Wanaojitolea bila malipo kwa kawaida hawahesabiwi. Kanisa lenye mchungaji, katibu, mpiga kinanda na mlinzi liko chini ya kizingiti hicho, na hapo sheria ya shirikisho haina la kusema. Ya jimbo inaweza kuwa nalo.

Upande wa mwajiri: ngao tatu zisizolingana

Watu huzichanganya ngao hizi kama kitu kimoja wanachokiita "uhuru wa dini", na kuchanganya huko kumewapotezea kesi waajiri na wafanyakazi vilevile.

Ya kwanza ni *kifungu cha 702* cha sheria ileile ya 1964. Kinairuhusu taasisi ya dini kuajiri "watu wa dini fulani". Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilikipanua kiguse shughuli zote za taasisi, hata zisizo za ibada, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilikibariki katika kesi ya mhandisi wa jengo la mazoezi mjini Salt Lake City, aliyeachishwa na Kanisa la Mormoni baada ya miaka 16 kwa kukosa cheti cha kuingia hekaluni. Kwa hiyo shirika la Kikatoliki linaweza kusema, "Mhasibu wetu awe Mkatoliki." Hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza mfanyakazi akiwa Mkatoliki, na ndoa yake ndiyo tatizo. Mwajiri anasema, "Mtu wa dini yetu ni yule anayeishi mafundisho yetu." Mfanyakazi anasema, "Hamjanifukuza kwa dini. Mmenifukuza kwa jinsi." Jaji wa kesi ya Catholic Relief Services aliona kifungu hiki hakiruhusu ubaguzi wa jinsi. Majaji wengine, akiwemo mmoja wa kanda ya 7 aliyeandika maoni yake kando katika kesi ya shule ya Indianapolis tutakayoieleza chini, wanaona kinaruhusu ikiwa sababu ya mwajiri ni imani kwelikweli. Mahakama ya Juu haijakata shauri. Ngao hii, basi, ni imara mahali fulani na ina matundu kwingine.

Ya pili ni *kanuni ya mhudumu wa dini*, na ndiyo nzito kuliko zote. Haitoki kwenye sheria ya Bunge bali kwenye Katiba yenyewe. Mwaka 2012, katika kesi ya Hosanna-Tabor, majaji wote 9 walikubaliana kwamba serikali haiwezi kuilazimisha taasisi ya dini kumpokea au kumbakiza mhudumu. Julai 2020, wiki chache tu baada ya Bostock, kesi ya Our Lady of Guadalupe ikaipanua kwa kura 7 dhidi ya 2: cheo na shahada ya theolojia si lazima, kinachotazamwa ni kazi anayofanya mtu.

Ya tatu ni *Sheria ya Kurejesha Uhuru wa Dini* ya 1993, inayoibana serikali ya shirikisho isiilemee imani ya mtu bila sababu nzito. Mahakama nyingi hukataa kuitumia pale mfanyakazi anapomshtaki mwajiri binafsi, kwa kuwa serikali haimo kwenye kesi. Lakini mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya kanda ya 5, inayosimamia Texas, Louisiana na Mississippi, iliitumia kuilinda Braidwood, kampuni ya biashara ya Texas inayoendeshwa kwa misingi ya Kikristo, dhidi ya EEOC, tume ya serikali ya shirikisho inayoshughulikia ubaguzi kazini. Nje ya kanda hiyo, mwenye kampuni ya biashara asiiegemee.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Kazi na mahali | Ngao ya mwajiri | Nafasi ya mfanyakazi |
|---|---|---|
| Mchungaji, padri, imamu, mwalimu wa dini, kiongozi wa kwaya | Kanuni ya mhudumu, karibu kamili | Ndogo sana |
| Mwalimu wa Kiingereza au mshauri wa wanafunzi, shule ya kanisa | Kanuni ya mhudumu, mara nyingi inashika | Ndogo. Inategemea majukumu yaliyoandikwa |
| Mhasibu, mchambuzi wa data, dereva, mpishi wa shirika la dini | Kifungu cha 702, kinachobishaniwa | Ya kati hadi nzuri. Inategemea kanda na jimbo |
| Muuguzi au msafishaji, hospitali yenye asili ya kanisa | Kifungu cha 702, ikithibitika kuwa hospitali bado ni taasisi ya dini | Ya kati hadi nzuri |
| Kampuni ya biashara ya mmiliki mcha Mungu | Hakuna, isipokuwa kanda ya 5 | Nzuri |

Mstari wa mwisho unawashangaza wengi. Mwaka 1988 mahakama ya kanda ya 9 ilikataa kukiita taasisi ya dini kiwanda cha vifaa vya migodi cha Townley, ingawa wamiliki walikuwa wakifanya ibada kazini na kuchapa aya za Biblia kwenye hati zake. Biashara ya faida ni biashara. Mwenye duka la halali au saluni hapati ngao ya kanisa kwa sababu anafungua siku kwa dua.

Nani ni mhudumu?

Hapa ndipo kesi nyingi hufia, na ndiyo maana tunakaa hapa zaidi.

Shule ya Roncalli ya Indianapolis ilikuwa na mshauri wa wanafunzi aliyetumikia karibu miaka 40. Mkataba wake ukabadilishwa, ukaambatanishwa na maelezo ya kazi yaliyoiita kazi ya ushauri "huduma" na kumtwika jukumu la kuwalea wanafunzi kiimani. Alipoachishwa kwa sababu ya ndoa yake na mwanamke, alijitetea kwamba majukumu hayo hakuyafanya. Mwaka 2022 mahakama ya kanda ya 7 ikamjibu kwamba kilichokabidhiwa ndicho kinachohesabika, hata kama aliyekabidhiwa hakukitekeleza vizuri. Karatasi aliyosaini ilikuwa na uzito kuliko mazoea ya kila siku.

Shule ya Charlotte Catholic, North Carolina, ilikuwa na mwalimu wa Kiingereza na maigizo aliyetangaza mwaka 2014 kwamba atafunga ndoa na mwenzi wake wa kiume. Hakufundisha dini. Mahakama ya kwanza ilimpa ushindi mwaka 2021; Mei 2024 kanda ya 4 ikampokonya. Alikuwa akianza vipindi kwa sala, akiwapeleka wanafunzi misani, na akitakiwa kufundisha somo lake kwa namna inayokubaliana na imani. Ikatosha. Jambo la ajabu ni kwamba shule yenyewe haikutaka kuitumia ngao hiyo. Mahakama iliichukua kwa hiari yake.

Na si makanisa tu. Mwaka 2004 kanda hiyohiyo ilimhesabu kuwa mhudumu mtu aliyesimamia jikoni kwenye nyumba ya wazee ya Kiyahudi, akihakikisha chakula kinafuata sheria za dini. Msikiti au kituo cha Kiislamu kinachomwajiri mtu wa kuthibitisha uchinjaji kijifunze hapo.

Kwa hiyo unapopewa barua ya ajira, omba na maelezo ya kazi na mwongozo wa wafanyakazi, uvisome vyote kabla ya kusaini. Tafuta maneno haya hasa: "huduma" au "mhudumu" kama jina la kazi, "ataongoza au kushiriki sala", "atawalea wanafunzi kiimani", "atakuwa shahidi wa maisha ya Kikristo ndani na nje ya kazi", "atapimwa kila mwaka kwa kigezo cha imani". Sentensi ya "shahidi wa maisha" peke yake kwa kawaida haimfanyi mpishi kuwa mhudumu. Sentensi ya kuongoza sala, ikiwa kweli inafanyika, inaweza kumfanya.

Uliza swali moja kwa sauti ya kawaida, kwa baruapepe ili jibu libaki: "Je, nafasi hii inahesabiwa kuwa ya huduma ya dini?" Hutakiwi kueleza kwa nini unauliza. Mkataba ukibadilishwa katikati ya miaka, usiusaini mezani kwa sababu mkuu wa shule amekaa anasubiri. Omba siku tatu.

Uzito wa kanuni hii ni kwamba inafuta kesi nzima. Mhudumu hawezi kushtaki hata kwa kubaguliwa rangi, umri au ulemavu. Kesi ya 2012 yenyewe ilihusu ugonjwa. Kuhusu manyanyaso, kanda zinapishana. Mkurugenzi wa muziki wa parokia moja ya Calumet City, Illinois, alilalamika kwamba padri alikuwa akimtukana kwa ushoga wake na kwa unene wake; mwaka 2021 kanda ya 7 ilisema hata hilo mahakama haziligusi. Kanda ya 9 imewahi kuruhusu kesi za manyanyaso ziendelee. Tunaona hukumu ya kanda ya 7 imezidi mpaka: kuchagua mhudumu ni haki ya kanisa, lakini kumtukana mtu anayepiga kinanda si ibada ya dini yoyote. Hata hivyo ndiyo sheria ya Illinois, Indiana na Wisconsin kwa sasa, na anayechukua kazi huko aijue.

Mlango wa shirikisho au mlango wa jimbo?

Anayeamua kulalamika ana milango miwili. Wa shirikisho ni tume ya EEOC. Wa jimbo ni wakala wa haki za kiraia wa mahali unapofanya kazi. Wengi hudhani jimbo lenye sifa ya uhuru ndilo lenye kinga kubwa. Sivyo.

California ni mfano mzuri. Sheria yake inaanzia wafanyakazi 5, na muda wa kulalamika ni miaka 3. Lakini sheria hiyo kwa kawaida haiyahesabu mashirika ya dini yasiyo ya faida kuwa "waajiri". Mhasibu wa shirika kama hilo Los Angeles akienda jimboni atagonga ukuta. Mlango wake ni wa shirikisho, wenye muda mfupi. Kuna waliosubiri mwaka mzima wakiamini wana miaka 3.

Washington maandishi ya sheria yalikuwa yanayaondoa mashirika ya dini kama California, lakini mwaka 2021 mahakama ya juu ya jimbo, katika kesi ya wakili aliyenyimwa kazi na kituo cha Union Gospel Mission cha Seattle, iliubana msamaha huo karibu na wahudumu tu. Maryland, mwaka 2023, katika kesi ileile ya Catholic Relief Services, mahakama ya juu ilisema msamaha unawahusu wale ambao majukumu yao yanaendeleza moja kwa moja utume wa msingi wa shirika. Hapo anayesambaza misaada na anayetengeneza kompyuta wanaweza kupata majibu tofauti ndani ya jengo moja.

New York sasa ina miaka 3 kwa matukio ya kuanzia 15 Februari 2024. Texas haina sheria ya jimbo inayotaja mwelekeo wa kimapenzi, na Georgia haina wakala wa jimbo kwa waajiri binafsi, kwa hiyo huko EEOC ndiyo mlango mkuu.

Ushauri wetu: peleka EEOC kwanza na uombe malalamiko yahesabiwe pia kwa wakala wa jimbo. Fomu ina nafasi ya hilo. Isipokuwa mwajiri ana watu chini ya 15; hapo nenda jimboni moja kwa moja.

Siku, karatasi na pesa

Muda wa EEOC ni siku 180, unaorefuka kufika 300 mahali penye wakala wa jimbo au mji anayesimamia sheria inayokataza ubaguzi wa aina hiyo. Chukulia 180 kuwa ndiyo yako popote ulipo.

Kosa linaloua kesi nyingi ni kuhesabu kuanzia siku ya mwisho kazini. Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1980 kwamba saa inaanza siku ulipoarifiwa uamuzi. Ukiambiwa tarehe 1 Machi kwamba mkataba hautaendelea baada ya 30 Juni, siku zako zinahesabiwa kuanzia Machi, na kufika Juni zimeshapita 121. Rufaa ya ndani kwa askofu, bodi au idara ya wafanyakazi haisimamishi saa. Waandikie, lakini usiwasubiri.

Kulalamika EEOC ni bure na hakuhitaji wakili. Unafungua ombi kwenye tovuti ya tume, unahojiwa, kisha unasaini hati ya malalamiko. Ombi la mtandaoni lisilosainiwa kuwa malalamiko si malalamiko. Mwajiri hujulishwa ndani ya siku 10. Zikipita siku 180 bila jibu unaweza kuomba barua ya kuruhusiwa kushtaki, na ukishaipokea una siku 90 tu za kufungua kesi. Siku hizo 90 haziongezwi kwa huruma, kwa hiyo mtafute wakili kabla barua haijaja.

Tangu 2025 tume imebadili vipaumbele vyake, na ilijiondoa katika kesi kadhaa ilizokuwa imezifungua kwa ajili ya watu waliobadili jinsia. Hukumu ya Bostock haijabadilika. Maana yake kwa mlalamikaji ni kuitegemea tume kwa karatasi, na kumtegemea wakili wake kwa kesi.

Fidia ya maumivu na ya kuadhibu kwa pamoja ina kikomo: dola 50,000 kwa mwajiri wa watu 15 hadi 100, 100,000 kwa 101 hadi 200, 200,000 kwa 201 hadi 500, na 300,000 zaidi ya hapo. Mishahara uliyokosa iko nje ya kikomo, na mfanyakazi akishinda mwajiri anaweza kuamriwa kulipa gharama za wakili. Majimbo mengine hayana vikomo hivyo.

Ukipewa karatasi ya malipo ya kuagana, isome mara mbili. Karibu zote zina sentensi ya kuachia madai yote. Mwenye miaka 40 au zaidi lazima apewe siku 21 za kufikiri na 7 za kubatilisha kuhusu madai ya umri; wa chini ya hapo hana siku zilizowekwa kisheria, ila hakuna anayemzuia kuomba.

Ushahidi weka nje ya kompyuta ya kazi, lakini usijitumie nyaraka za siri za wafadhili au wagonjwa. Hilo humpa mwajiri sababu mpya. Nakala ya mkataba, tathmini za kila mwaka, barua ya kuachishwa, na daftari la nani alisema nini na tarehe gani vinatosha kuanzia.

Kwa anayeajiri

Haki ya kanisa au msikiti kuchagua anayefundisha imani yake ni ya kweli, na hatuoni aibu kuitetea. Ila inatumiwa vizuri na anayeisema mapema. Zitenge nafasi zenu mafungu mawili: zinazofundisha, kuongoza ibada au kuwakilisha imani, na zisizofanya hivyo. Fungu la kwanza liandikiwe majukumu halisi, mistari mitatu hadi mitano, na yafanyike kweli. La pili msilipake rangi. Kumwita dereva "mhudumu wa usafiri" hakuwasaidii. Majaji hutazama kazi.

Sharti la maadili liandikwe, lisomwe kwa mwombaji kabla ya ofa, na litumike sawasawa. Hapa ndipo taasisi zetu huanguka. Mwongozo unakataza "mahusiano yote nje ya ndoa ya mume na mke". Mhasibu mwanamume anayeishi na mwanamke bila ndoa anajulikana na kila mtu na ameachwa. Mwenzake mwenye mpenzi wa kiume anaachishwa. Wakili wa mlalamikaji atawaweka wawili hao mbele ya jaji, na hoja ya imani itaanza kuonekana kisingizio.

Msiulize kwenye usaili, "Una mume?" Ulizeni: "Umesoma sharti hili, unaweza kulifuata?" Mwacheni mtu aondoke mwenyewe kwa heshima akiona haimfai. Hilo ni bora mara mia kuliko kumwita ofisini mwaka wa tatu, ana mkopo wa nyumba na mtoto shuleni, kwa sababu mtu ametuma picha ya harusi kwenye kundi la WhatsApp la kanisa.

Ukichagua kazi

Kwa mpenzi wa jinsia moja mwenye ofa mbili, moja ya ualimu wa hesabu shule ya kanisa na nyingine ya uhasibu katika shirika la kanisa hilohilo, ya pili ina kinga kubwa zaidi hata mshahara ukilingana. Ofa ya uhasibu ikiwa Texas na nyingine kama hiyo ikiwa Maryland, tungechagua Maryland. Hospitali yenye asili ya kanisa mara nyingi huwa na sera yake ya kutobagua inayotaja mwelekeo wa kimapenzi; omba nakala, na angalia kama bima inampokea mwenzi wa jinsia moja. Jibu la bima ndilo linalosema ukweli kuliko tangazo la kazi.

Mwenye viza ya R-1, ya wafanyakazi wa dini, ana tahadhari yake pekee. Viza hiyo hutolewa kwa miezi 30 kwa mara moja, jumla isizidi miaka 5, na imefungwa kwa mwajiri aliyeiomba. Kwa kuipata tu ameshakubaliwa kuwa anafanya kazi ya dini, hivyo kukana baadaye kwamba ni mhudumu ni vigumu. Pia haimo katika orodha ya viza zinazompa mtu siku 60 za kutafuta kazi nyingine. Azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuzungumza na mwajiri.

Kuna na anayeajiriwa na shirika la Marekani akiwa Dodoma, Goma au Kisumu. Sura ya VII huvuka bahari na raia wa Marekani anayefanya kazi kwa mwajiri wa Marekani, tena si pale ambapo kuifuata kungevunja sheria ya nchi aliyopo. Mtanzania au Mkongo aliyeajiriwa nyumbani na shirika hilohilo haimfikii kabisa, hata kama barua yake ya ajira ina nembo ya Baltimore. Yeye analindwa na sheria ya kazi ya nchi yake na na mkataba wake, kwa hiyo kama shirika linajitangaza kuwa halibagui, aombe sentensi hiyo iandikwe ndani ya mkataba, juu ya mahali anaposaini.